QWERTY, AZERTY, Dvorak au Colemak: mpangilio upi unamfaa anayechapa Kiswahili?

Weka vidole vyote kumi mahali pake kwenye kibodi ya kawaida, kisha chapa neno "muhimu". Mkono wa kushoto hautagusa kitu. Kidole cha shahada cha kulia kitapiga M, U na H, kidole cha kati kitaidaka I, halafu cha shahada kirudi tena kwenye M na U. Sasa chapa "nyumba". Herufi nne za mwanzo, N, Y, U na M, zote ni za kidole hichohicho kimoja, kikipanda na kushuka kati ya mstari wa chini na wa juu.

Anayechapa barua moja kwa wiki hatalihisi hilo. Mhazili, mfasiri, mwandishi wa habari, kijana wa steshenari anayechapia watu tasnifu kutwa nzima, au mwanafunzi aliye mbioni kumaliza utafiti wake, hao hulihisi kwenye kiganja na kwenye kifundo cha mkono ifikapo jioni. Ndiyo maana watu hutafuta mipangilio mingine ya herufi, na ndipo wanapokwama, kwa sababu karibu kila ulinganisho uliopo umepimwa kwa Kiingereza. Kiingereza kinaipenda E kuliko herufi zote. Sisi tunaipenda A. Maneno yao mengi huishia kwa konsonanti, yetu huishia kwa irabu. K kwao ni herufi ya nadra, kwetu imekaa mbele ya ku-, ki-, ka- na kwa. Mpangilio uliobuniwa kwa hesabu za lugha moja unaweza kuwa na kasoro usizozitarajia ukiutumia kwa lugha nyingine. Kwa hiyo hapa nimepima kwa Kiswahili.

Tunapima nini

Kipimo cha kwanza ni mstari wa kati, ule ambao vidole hulala juu yake visipofanya kazi. Herufi nyingi zikiwa hapo, mkono hutembea kidogo.

Cha pili, ambacho mimi nakipa uzito kuliko vyote, ni kidole kujirudia: mara ngapi kidole kimoja kinalazimika kupiga herufi mbili tofauti zinazofuatana. Hapo ndipo kasi inapokatika na mishipa inapochoka, maana kidole kingine hakiwezi kujiandaa wakati cha kwanza kikifanya kazi.

Cha tatu ni kubadilishana mikono: herufi hii kushoto, inayofuata kulia. Wapo wanaoupenda mwendo huo, na wapo wanaopenda vidole vya mkono mmoja vifuatane kwa mserereko. Hiki ni kipimo cha ladha kwa kiasi fulani.

Halafu kuna mambo mawili yasiyohesabika kwa herufi: gharama ya kujifunza, na upatikanaji wa mpangilio kwenye kompyuta ambazo si zako.

Kwa hesabu nimetumia Ibara ya 1 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ili nawe uweze kuhesabu na kunisahihisha: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu." Ina herufi 98. A peke yake imetokea mara 21, I mara 11, W mara 9. Ndani ya maneno kuna hatua 79 za kutoka herufi moja kwenda inayofuata. Ni maandishi mafupi, kwa hiyo chukua tarakimu hizi kama dira, kisha jaribu na maandishi yako mwenyewe.

| Mpangilio | Mstari wa kati (kati ya 98) | Kidole kujirudia (kati ya 79) | Kubadilishana mikono (kati ya 79) |
|---|---|---|---|
| QWERTY | 41 | 7 | 43 |
| AZERTY | 23 | 13 | 43 |
| Dvorak | 70 | 6 | 62 |
| Colemak | 67 | 2 | 42 |

QWERTY

Huu ndio mpangilio wa Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, ulioingia sokoni mwaka 1874 kwenye mashine za chapa zilizotengenezwa na Remington. Umekaa kwenye karibu kila kompyuta ya Tanzania, Kenya na Uganda.

Kwa Kiswahili hauko vibaya kama unavyosemwa. A iko tayari kwenye mstari wa kati, na nusu ya zile 41 imetokana nayo. K, L na H nazo zipo hapo. "Ku" inateremka vizuri kutoka kidole cha kati kwenda cha shahada, na "mb" inagawanywa kati ya mikono miwili.

Udhaifu wake mkubwa ni kidole cha shahada cha kulia, ambacho kimebebeshwa Y, U, H, J, N na M. Kwenye Kiswahili hizo zote ni herufi za kazi, tena zinapenda kukaa pamoja: hu-, mu-, ju-, nyu-, nj-, mj-, mh-. "Jumuiya", "juhudi", "huyu", "mnyumbuliko", orodha ni ndefu. Kuna na "ki", ambayo K na I zote ni za kidole cha kati. Katika "haki", "akili" na "kindugu" umeiona mara tatu ndani ya sentensi mbili.

Gharama ya kujifunza ni sifuri kama unaujua, na upatikanaji hauna mshindani. Halafu kuna kasi. Sean Wrona, aliyeshinda mashindano makubwa ya kuchapa kule Austin mwaka 2010, anatumia QWERTY. Mwenye kutaka kasi tu hana lazima ya kuhama.

Unamfaa anayetumia kompyuta za watu mbalimbali, na yule ambaye bado anachapa kwa vidole viwili akitazama vitufe. Huyo wa pili ajifunze kwanza vidole kumi. Hilo litampa faida kubwa kuliko mpangilio wowote mpya.

AZERTY

Wasomaji wa Lubumbashi, Bukavu, Goma na Bujumbura wanaujua huu, kwa sababu ulikuja na Kifaransa. Kwa Kifaransa una mantiki yake: é, è, ç na à zina vitufe vyake.

Kwa Kiswahili, nasema bila kusita, una matatizo. A imeondolewa kwenye mstari wa kati ikapandishwa juu, na nafasi yake ikapewa Q, herufi ambayo Kiswahili sanifu hakiitumii kabisa. W nayo imeshushwa pembeni chini. Matokeo yake ni kwamba "wa", silabi tunayoichapa bila kukoma, inapigwa na kidole kidogo cha kushoto peke yake kikiruka kutoka mstari wa chini hadi wa juu. Watu, wote wawili, wanasema, sawa, wapi: kila mara ruko hilo. Katika zile 13 za kidole kujirudia, 8 zinatokana na W na A kukaa jirani. Hata alama ya ng' iko juu kwenye mstari wa tarakimu, kitufe cha 4.

Kubadilishana mikono ni sawasawa na QWERTY, na kwa aliyeuzoea hauna gharama mpya. Unamfaa mtu ambaye kazi yake kubwa ni Kifaransa na Kiswahili kinakuja kwa nadra. Anayechapa Kiswahili kila siku ana njia rahisi ya kupata nafuu bila kununua kitu: kuongeza QWERTY ya kimataifa kwenye mipangilio ya kompyuta, ile yenye uwezo wa kuweka alama za juu za Kifaransa kwa vitufe viwili. Herufi zinazohama mahali ni chache, basi kuzoea hakuchukui muda mrefu.

Dvorak

August Dvorak alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Yeye na shemeji yake William Dealey walipata hataza ya mpangilio huu mwaka 1936. Wazo lao kuu ni kuweka irabu zote, A, O, E, U na I, kwenye mstari wa kati mkono wa kushoto, na konsonanti nyingi zinazotumika sana mkono wa kulia.

Ukisoma hivyo unaona kana kwamba walikuwa wanakifikiria Kiswahili, chenye silabi za konsonanti na irabu zinazopokezana. Na kweli, "wamezaliwa" inachapwa kulia, kushoto, kulia, kushoto, toka mwanzo hadi mwisho bila kukosea hata hatua moja. Hatua 62 kati ya 79 zinabadilisha mikono, na herufi 70 kati ya 98 ziko mstari wa kati. Hakuna mwingine unaofikia hapo. Kwa maneno kama "Tanzania", "mtoto", "hatima", "nasaha", ni raha tupu.

Lakini Dvorak aliitupa K chini kushoto, kwa kuwa kwa Kiingereza haina kazi nyingi. Kitufe hicho ni cha kidole cha shahada cha kushoto, na kidole hichohicho ndicho chenye U, I, P na Y. Fikiria maana yake. "Ku" ni kidole kimoja. "Ki" ni kidole kimoja. "Kuku" ni kidole kimoja mara nne. "Pikipiki", herufi zake zote nane, ni kidole kimoja! Mtu anayeandika "kupika", "kipi", "yupi" au kitenzi chochote kinachoanza na ku- atakutana na kikwazo hiki siku nzima. Upande wa kulia nako M na B zimepewa kidole kimoja, basi "mb" ya "mbali", "samba" na "omba" inajikwaa. Tarakimu 6 ya jedwali inaficha hali hii, kwa sababu ibara ile haina kitenzi hata kimoja cha ku-. Chukua aya yenye "kufanya", "kujua" na "kuendelea" uone inavyopanda.

Kuna tiba rahisi kwa mwenye uwezo wa kurekebisha mpangilio: badilishana K na B. K inahamia kulia, "ku" na "ki" zinagawanyika kati ya mikono, na "mb" inapona. Unapata matatizo madogo mapya, "mk" na "bu", lakini kwenye sentensi zetu kujirudia kunashuka kutoka 6 hadi 3.

Kujifunza ni kugumu. Herufi A na M tu ndizo zinazobaki mahali pake, nyingine zote zinahama, pamoja na njia za mkato za kunakili na kubandika. Upatikanaji ni mzuri: Dvorak imo ndani ya Windows, macOS na Linux tangu zamani, unaiwasha tu. Kuhusu kasi, usidanganywe. Jaribio la Jeshi la Maji la Marekani la mwaka 1944 lililousifu limepingwa sana, na utafiti wa Earle Strong wa mwaka 1956, uliofanywa kwa ajili ya serikali ya Marekani, haukuona faida ya kustahili gharama ya kuwafundisha wachapaji upya. Faida ya Dvorak ni kutulia kwa mikono.

Unamfaa anayependa mwendo wa mikono kupokezana, mwenye kompyuta yake mwenyewe, na ambaye yuko tayari kuigusa K.

Colemak

Shai Coleman aliutoa mwaka 2006. Ulitengenezwa wakati kompyuta zimeshaenea, na mbunifu wake alijali jambo ambalo Dvorak hakuwa na sababu ya kulijali: mtu anayehama kutoka QWERTY. Vitufe 17 tu vinabadilika, na Z, X, C na V zinabaki palepale, kwa hiyo kunakili na kubandika hakupotei.

Kwa Kiswahili umenishangaza. Herufi 67 kati ya 98 ziko mstari wa kati, karibu sawa na Dvorak, na kidole kujirudia ni mara 2 tu, zote mbili zikiwa "za". "Ni", "ne", "hi" na "no" zinaserereka mstari uleule. "Nyumba", ile iliyokuwa mateso, haina kidole kinachojirudia hata mara moja. Wala "muhimu", ingawa bado inachapwa yote na mkono wa kulia. "Pikipiki" nayo inatoka salama.

Penye kasoro ni kwenye ngeli ya m-. Kidole cha shahada cha kulia kina M, N, K, L, H na J. Irabu ikiingia katikati hakuna tabu, lakini konsonanti zikigusana, kama "mke", "mkono", "mlango", "mlima", "mji", "mnyama", "njia", kidole kinajirudia. Pia "ku" na "mu" zinadai mruko wa kutoka mstari wa chini hadi wa juu kwa vidole viwili vilivyo jirani, na baadhi ya watu hawaupendi mruko huo. Mikono nayo inabadilishana kidogo, 42. Mkono wa kulia unaweza kuchapa "nilikuj" kabla wa kushoto haujaitwa kwa ajili ya A.

Sasa jambo ninalotaka mpangaji yeyote wa kibodi ya Kiswahili alione. Mipangilio ya QWERTY, Dvorak na Colemak yote mitatu imeiacha A chini ya kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kwetu hiyo ni zaidi ya herufi moja kati ya kila tano. Kwenye QWERTY huwezi kulitatua kirahisi: ukiisogeza A kwenye kidole cha pete inakutana na W, na "wa" inakuwa kujirudia, ukiipeleka kidole cha kati inakutana na E. Kwenye Colemak, E iko mkono mwingine. Kidole cha kati cha kushoto kina S, F na C pekee. Badilishana A na S: A inapata kidole chenye nguvu, jirani zake zinakuwa F na C ambazo hatuzitumii sana, na kwenye sentensi zetu mbili kujirudia kunafika sifuri. Unachopoteza ni njia za mkato za kuhifadhi na kuchagua vyote, ambazo zitabadilishana mahali.

Kujifunza ni kwa kati. Upo utaratibu uitwao Tarmak unaokuhamisha herufi chache kwa awamu, ili usisimame kazi. Upatikanaji: macOS na Linux zinao, na matoleo mapya ya Windows 11 pia. Kwenye Windows za zamani lazima usakinishe, na kompyuta ya ofisi mara nyingi itadai ruhusa ya mtu wa IT.

Unamfaa anayehama akiwa kazini, anayechanganya Kiswahili na Kiingereza, na ambaye hataki kupoteza njia zake za mkato.

Kujipangia mwenyewe

Waturuki walifanya hivi kama taifa. İhsan Sıtkı Yener alihesabu herufi za Kituruki, na mwaka 1955 mpangilio wake, unaoitwa F, ukawa rasmi. Pale penye vile vinundu viwili vya kuongozea vidole vya shahada, aliweka A kushoto na K kulia. Mswahili akiutazama anaona wivu, kwa sababu hizo ni herufi ambazo nasi tungeziweka hapo.

Zana zipo na hazina malipo. Kwa Windows kuna Microsoft Keyboard Layout Creator, kwa Mac kuna Ukelele, na Linux inakuruhusu kuhariri faili za XKB, mfumo wake wa kupanga kibodi. Kibodi zinazokubali QMK, programu isiyo na malipo inayokaa ndani ya kibodi, huhifadhi mpangilio ndani yake zenyewe, kwa hiyo unaichomeka kwenye kompyuta yoyote iliyowekwa QWERTY na herufi zako zinakufuata bila kusakinisha kitu. Hilo linamaliza ugomvi na mtu wa IT.

Vipimo vyote unaviamua wewe. Gharama ni kwamba hutapata mwalimu wala mtu wa kumuuliza. Ushauri wangu ni kutoanza na ukurasa mtupu. Chukua Colemak au Dvorak, badili jozi moja au mbili, hesabu tena kwa kurasa zako, kisha uzoee kabla ya kubadili nyingine. Na usihesabu kwa Kiswahili tu kama nusu ya barua pepe zako ni za Kiingereza.

Kulingana na hali yako

Mikono ikiwa tayari inauma au vidole vinakufa ganzi, muone daktari kwanza. Kisha tazama kimo cha meza na kiti, na kama mfuko unaruhusu, kibodi iliyogawanyika pande mbili. Mpangilio wa herufi hauondoi madhara ya kifundo kilichopindwa saa nane kwa siku.

Unafanya kazi steshenari au kwenye kompyuta za kupokezana: baki na QWERTY, kaza vidole kumi. Ukitaka kuhama kweli, hama na kibodi yako ya QMK.

Uko Kongo au Burundi, una AZERTY, na unaandika Kiswahili kila siku: QWERTY ya kimataifa ni hatua ya kwanza, mengine baadaye.

Una kompyuta yako na huwezi kusimamisha kazi: Colemak kwa awamu za Tarmak. Ukishazoea, fikiria kubadilishana A na S.

Una likizo ndefu mbele yako na unapenda mikono inayopokezana: Dvorak, yenye K mahali pa B toka siku ya kwanza, usije ukazoea mara mbili.

Unachapa zaidi kwenye simu: usibadili kitu. Dvorak na Colemak zilibuniwa kwa vidole kumi, wala si kwa gumba mbili, na irabu za Dvorak zilizobanana pamoja zitakuongezea makosa.

Na wowote utakaouchagua, kabla ya kuzima kompyuta angalia ni mpangilio gani unaotumika kwenye ukurasa wa kuingilia. Nywila unaichapa bila kuiona, na ukurasa huo mara nyingi hurudi kwenye QWERTY.